Ng'ombe wa Bentivenga

Ukitaka kunikera, niulize jina langu la ukoo limetoka wapi. Benki wameuliza. Watu wa vitambulisho wameuliza, tena yule kijana wao alinitazama kuanzia utosini hadi kwenye ndala kana kwamba nimeliiba mahali. Eunice Ezra Bentivenga, Mkurya wa Turwa, mzaliwa wa hapa hapa Tarime, mweusi kama mama yangu. Nikisema ni jina la Kitaliano wanacheka, nikinyamaza wanasema naringa. Mimi nina duka la steshenari Nyamisangura, natoa fotokopi na kuwajazia watu maombi mtandaoni, na kutwa nzima majina ya watu yanapita mikononi mwangu. Sijawahi kumuuliza mteja jina lake lina maana gani. Nina adabu zangu.

Jibu nililokuwa nalo ni lile tulilolikuta nyumbani. Babu mzaa baba alikuwa Mtaliano, fundi wa madaraja, alikuja huku enzi za mkoloni. Alifikia kwa mzee mmoja wa Turwa aliyeitwa Kisyeri, akamwoa bibi yetu Bhoke, wakazaa wavulana wawili: Ezra, ambaye ni baba yangu, na Nelson, baba yangu mdogo. Kisha homa ikamwua. Kaburi lake lipo nyumbani kwetu, nyuma ya zizi, mawe matupu. Jina lake la kwanza hakuna anayelijua. Bibi Bhoke alifariki nikiwa darasa la pili, na sikumbuki kumsikia akimtaja huyo mume wake hata siku moja.

Anayelivaa jina hili kama suti ya harusi ni Nashoni, mtoto wa marehemu baba mdogo Nelson. Tumelingana umri, tumechunga wote, tumechapwa wote. Ana pua nyembamba kidogo na rangi ya maji ya kunde, basi imekuwa nongwa. Akiwa na wenzake anajiita Mtaliano. Timu ya Italia ilipokosa Kombe la Dunia hakufungua duka lake la vipuri vya pikipiki kutwa nzima, eti amefiwa. Nilimwambia aache upuuzi. Akanijibu kwamba mimi siwezi kuelewa kwa sababu damu ya kwetu haikunishika, nimechukua yote kwa mama.

Hayo ningeyavumilia. Kilichonipandisha presha ni habari ya mtoto.

Baba yangu alifariki akiwa na mtoto mmoja tu, mimi, na mimi nimeolewa. Mama yangu, Robi, akafanya kile ambacho mjane wa Kikurya asiye na mtoto wa kiume anaruhusiwa kufanya: akatoa ng'ombe wa marehemu, akaoa. Nyumba ntobhu tunaiita. Mwanamke anamtolea mahari mwanamke mwenzake, na wala si mambo ya chumbani. Yule binti anakaa pale kama mke wa nyumba, anachagua mwenyewe mwanamume wa kuzaa naye, na watoto wanakuwa wa nyumba ile, wanabeba jina la marehemu. Niliumia? Niliumia sana. Nina wavulana wawili, lakini hao ni wa kwa baba yao. Niligomba, nikalia, nikamwambia mama kwamba ananifanya kama vile hakuzaa. Alinisikiliza huku anapepeta mtama wake, na wiki iliyofuata ng'ombe wakatoka.

Aliyeolewa ni Scholastica, binti mrefu, mchapakazi, mdomo kama wangu. Nilikwenda pale nikiwa nimejiandaa kumchukia na nikashindwa. Mwaka huu akajifungua mtoto wa kiume. Mama yangu, ambaye sijawahi kumwona akikimbia, alikimbia kutoka kisimani.

Siku ya kumpa mtoto jina ikapangwa, Jumamosi. Hapo ndipo Nashoni akalikoroga. Alikwenda kwa wazee wa ukoo wa Kisyeri, ambao ndio waliotupokea kama ndugu tangu zamani, akawaambia mtoto aitwe jina lolote wanalopenda lakini si Bentivenga. Kwamba jina lile ni damu. Kwamba babu yake hakuvuka bahari ili jina lake apewe mtoto wa mwanamume asiyejulikana, aliyepita tu. Na kwa kuwa shamba la baba linakwenda na jina, basi shamba litamrudia mwanamume wa damu aliyebaki, na mnajua ni nani. Uchungu ni kwamba hakuwa anafanya ujanja. Nashoni ninamfahamu, akidanganya anajikuna shingo. Safari hii hakujikuna. Aliamini kila neno.

Scholastica aliposikia hakupiga kelele. Alikuwa ananyonyesha. Alisema mtoto wake hatakaa kwenye nyumba ambayo haimwiti kwa jina. Kama Jumamosi itapita hajapewa, Jumapili anafunga kanga zake anarudi kwao naye. Mama akainuka akaenda kumwongezea uji. Angeondoka yule binti, mama angebaki na nyumba tupu na makaburi mawili.

Wazee wakasema basi, kabla ya Jumamosi familia ilete maelezo ya jina hilo, lilianzaje na linakwendaje. Macho yote yakanigeukia. Eti si nina intaneti.

Nikafunga duka mchana kweupe, foleni ya watu wa fotokopi ikinisonya, nikaandika Bentivenga kwenye kompyuta. Ukaja ukurasa wa watu wanaokusanya majina ya dunia nzima. Asili yake, Italia. Maana yake, maneno yaliyoshikamanishwa: heri na ikujie, jina ambalo watu wa zamani wa kule walimpa mtoto kumtakia mema. Hapo moyo ukatulia kidogo, kwa sababu hata sisi tunaita watoto hivyo. Umaarufu wake, jina adimu. Ikaja na ramani. Italia imepakwa rangi, nchi za mbali huko zimepakwa kidogo kidogo. Tanzania nyeupe pe. Nikabonyeza nikidhani kompyuta imekwama. Ikaniandikia kwamba hakuna mtu. Hakuna mtu, na mimi niliyeshika kipanya ni nani? Nikatafuta mahali pa kutoa maoni niwaambie tupo. Wakataka nijisajili. Nikajisajili, nikaandika jina langu kamili, wakanijibu kwamba jina si sahihi.

Nusura niirushe kompyuta barabarani. Nikaingia Facebook, nikampata Bentivenga mmoja wa huko kwao, mzee mwenye picha ya trekta. Nikatumia mtambo wa kutafsiri, nikamsalimia kwa heshima zote, nikamwomba anieleze habari za ukoo wao na kama kuna ndugu yao aliyepotelea Afrika. Akajibu siku hiyo hiyo. Alisema hatumi hela. Kisha akanifungia.

Jioni nikaenda kumweleza mama. Alikuwa anakoroga uji wa mzazi. Akasema bila kugeuka kwamba kuna mzee wa hapa Turwa aliyehamia Robanda, anaitwa Tomaso, utotoni alibeba mawe ya daraja la Mtaliano, kama hajafa nikamuulize. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia mapema. Akasema sikumuuliza. Jamani, mama yangu. Nilimeza maneno niliyokuwa nayo mdomoni, kesho yake nikapanda basi la Mugumu.

Kutoka Mugumu mpaka Robanda nilichukua bodaboda, vumbi likanijaa hadi kwenye meno. Mzee Tomaso nilimkuta shambani amesimama katikati ya mahindi yaliyolala chini. Tembo walikuwa wamepita. Nikamwamkia, shikamoo mzee, akaitika marahaba na hapo hapo akaanza kunionyesha nyayo, moja baada ya nyingine, kila tembo na tabia yake. Nilipotaja Mtaliano akaniuliza kama najua kuandika. Nikasema najua. Akasema basi tuanze na kifuta jasho, ile fidia ya walioliwa mazao na wanyama, maana ameshaomba serikali imfute jasho misimu yote na hajafutwa. Nikaketi juu ya ndoo, jua la saa saba utosini, nikamwandikia barua yake. Akataka isomwe. Nikaisoma. Akataka na wale nguruwe pori waongezwe. Nikawaongeza. Hasira zilikuwa zimenifika hapa, kooni, lakini ningefanya nini?

Alipoikunja barua na kuitia mfukoni ndipo akasema habari za Mtaliano. Kwamba alikuwa mpole, anaimba akifanya kazi, hajui Kiswahili wala Kikurya ila anajua kucheka. Kwamba daraja halikuisha. Homa ilimshika masika na akafa nyumbani kwa Kisyeri. Nikauliza ilikuwa mwaka gani. Mzee akaniangalia kama mtu aliyeulizwa uzito wa upepo, akasema ilikuwa kabla rika lake halijaingia jandoni. Walipokuwa wanacheza ngoma ya kutahiriwa, kaburi la Mtaliano lilikuwa tayari limeota majani.

"Na mke wake, Bhoke, alibaki na watoto wadogo," nikasema, ili aendelee.

"Mke gani?" akasema Mzee Tomaso. "Yule mtu hakuwa na mke. Alikuwa na ng'ombe tu."

Nikamwambia pengine amesahau. Akakasirika, akaniambia kwamba amesahau mambo mengi lakini si hilo, kwa sababu vijana walikuwa wanamtania mzungu wa watu kwamba analala na mawe. Nikamuuliza zaidi, akarudi kwa tembo wake.

Njia nzima ya kurudi nilikuwa nahesabu rika, wale waliotahiriwa pamoja. Kwetu miaka watu wanaisahau, rika hawalisahau. Baba yangu, kila mtu Turwa anajua, alizaliwa baada ya rika la akina Tomaso kupona na kuanza kuoa. Ndivyo bibi alivyokuwa anasema: Ezra nilimzaa wale vijana walipokuwa wanatafuta wachumba. Nikahesabu tena, nikahesabu na kurudi, kama mtu anayetafuta hela iliyodondoka. Haikuwezekana. Mtaliano alikuwa ardhini. Basi baba yangu hakuwa mtoto wake, na Nelson hakuwa, na jina langu lote hili, lililonitesa tangu shule ya msingi, halikuwa letu hata kwa bahati mbaya.

Nilikwenda kutafuta dawa nikarudi na sumu. Wazee wakilisikia hili, si mtoto wa Scholastica peke yake atakayenyimwa jina, ni sisi wote tutavuliwa. Niliamua nitasema mzee nimemkuta mgonjwa.

Nilipofika nyumbani nikamvuta mama nyuma ya jiko, nikamweleza yote kwa sauti ya chini, machozi yananitoka kwa uchovu na hasira. Akanisikiliza mpaka mwisho. Akaniuliza kama nimekula. Nikamwambia mama, umesikia ninachosema? Akasema amesikia, na Jumamosi nije na gauni refu, lisiwe lile la maua. Halafu akaenda kumwogesha mtoto. Niliondoka pale naongea peke yangu barabarani, mpaka watu wakanisalimia wakidhani nipo kwenye simu.

Jumamosi wazee wakakaa uani, Mzee Joel ndiye mkubwa wao. Nashoni alikuja amevaa shati jeupe limepigwa pasi, na kwa upande wake alisema vizuri, siwezi kumnyima hilo. Alisema hana ugomvi na mama yake mkubwa, wala na mtoto, mtoto ni malaika. Lakini jina ni damu, na damu haigawiwi. Wazee wawili watatu wakatikisa vichwa kukubali. Scholastica alikuwa amekaa mkekani, mtoto kifuani, na kando yake niliuona mfuko wa nguo umeshafungwa. Mama naye aliuona.

Mzee Joel akauliza familia imepata nini. Nikasimama na uongo wangu tayari mdomoni.

"Eunice," mama akasema, "sema ulichoambiwa Robanda. Chote."

Nilimkodolea macho. Nilitamani nimwambie wewe mama una nini, unataka kutuzika sote? Lakini alikuwa ananitazama kama alivyonitazama nilipokuwa mdogo nikitumwa kwa watu, na miguu yangu haijawahi kujifunza kumkatalia. Nikasema. Nilisema Mtaliano alikufa kabla rika la Tomaso halijaingia jandoni, na kwamba hakuwa na mke. Wale wazee hawakuhitaji karatasi. Niliwaona midomo ikicheza, wanapanga marika yao, nani alitahiriwa lini na Ezra alizaliwa lini, na mmoja mmoja wakafika pale nilipofika mimi ndani ya basi. Nashoni alifika wa mwisho. Nilimwona akifika.

Mama akasimama. Alisema alishaambiwa jambo hili na mama mkwe wake, Bhoke, mwaka alipoolewa, na akaombwa alifunge kwa sababu Bhoke alichoka kuitwa mke wa kaburi. Yule Mtaliano alikuwa akilipwa kazi zake ndogo ndogo kwa ng'ombe, akawaweka kwenye zizi la Kisyeri. Alipokufa hakuna aliyejua kwao, hakuna aliyekuja. Kisyeri akabaki na ng'ombe wa marehemu zizini na marehemu mwenyewe nyuma ya zizi, mtu mzima aliyekufa bila mtoto wa kumtaja. Hakuweza kuwala wale ng'ombe, wala kuwauza. Akafanya anachofanya Mkurya. Akawatoa mahari, akamwoa Bhoke kwa ajili ya yule aliyekufa. Bhoke akazaa na aliyemchagua, na watoto wakaitwa Bentivenga.

"Ng'ombe wa Mtaliano ndio walimleta Bhoke," mama akasema. "Ng'ombe wa Ezra ndio wamemleta Scholastica. Nionyesheni tofauti, nikae."

Mzee Joel akauliza swali moja tu, kama wakati wa Ezra kulikuwa na mtu aliyewahi kudai wale ng'ombe. Mama akasema hakuna. Mzee akasema basi nyumba ile ilisimama, na hii pia imesimama.

Mimi nilikuwa bado nimesimama kama mlingoti, nimejaa hasira. Aliyajua yote! Amenipeleka Robanda nikaandike habari za nguruwe pori, na alikuwa ameyakalia yote miaka yote hiyo. Nilimnong'oneza hivyo. Akaninong'oneza kwamba angesema yeye peke yake wangesema ametunga, na kwamba nivute gauni langu vizuri. Huyo ndiye mama yangu.

Kisha nikamwona Nashoni. Alikuwa hatuangalii. Alikuwa anaangalia kule nyuma ya zizi, kwenye yale mawe ambayo tangu utotoni alikuwa anayafagia kila sikukuu wakati mimi nakwepa kazi. Pale uso ulipokuwa na maringo hapakuwa na kitu. Nilikuwa nimeisubiri siku ya kumwona hivyo maisha yangu yote, na ilipokuja sikuipenda.

"Mama mkubwa," akasema, na sauti ilikuwa ndogo. "Basi mimi ni nani?"

Mama alimwendea, akasimama mbele yake. Ni mfupi, anamfikia kifuani.

"Wewe ni Bentivenga," akamwambia. "Hukuzaliwa nalo. Tulikupa."

Kwetu jina halitangazwi na mwanamke, wala na mzee wa nyumba nyingine. Linatamkwa na mwanamume wa nyumba ile ile, na katika nyumba yetu amebaki mmoja. Mzee Joel hakumlazimisha. Alisema tu kwamba jua linakwenda na uji unapoa. Scholastica akanyanyuka mkekani, akatembea mpaka kwa Nashoni, akamwekea mtoto mikononi bila kumwomba, kama mtu anayempa mwenzake kitu amshikie kidogo. Nashoni akampokea vibaya, kichwa cha mtoto kikaning'inia, akamrekebisha. Mtoto akamshika ule mkono wa shati jeupe.

Nashoni alilisema jina, lakini kwa chini sana, na Mzee Joel akamwambia mura, kijana wangu, waliokaa nyuma hawakusikia. Akavuta pumzi. Akalisema tena, kwa nguvu, machozi yanamdondokea mtoto usoni, na uwanja mzima tukaitika.